Bajeti Inapokatwa, Nani Huubeba Mzigo wa Kuni?

Nilipokwenda kumjulia hali shangazi yangu huko Mugoma, katika Wilaya ya Ngara, nilifika jioni nikamkuta ndiyo kwanza anatua mzigo wa kuni mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akijifuta jasho kwa pindo la kanga. Juu ya mlango wake palikuwa na taa ya umeme, na nguzo ilisimama hatua chache tu kutoka kwenye migomba yake. Kwa utani wa mtu aliyezoea kukaa mjini nikamwuliza, "Shangazi, umeme unao, kuni za nini tena?"

"Mwanangu," akanijibu, "huo ni umeme wa kuonea. Wa kuivishia maharage haujafika bado."

Nimefundisha sera za umma kwa miaka kadhaa, na sijapata kusikia tathmini fupi kuliko hiyo. Ilinirudisha kwenye jambo ambalo kila mwaka hulisikia taifa zima, Bunge linapoketi kujadili makadirio ya mapato na matumizi, kisha tukalipa kisogo. Tumezoea kuiona bajeti kuwa habari ya tarakimu, ya matrilioni yanayotajwa Dodoma na kusahaulika kabla magazeti hayajafungiwa maandazi.

Hoja yangu leo ni moja. Fedha za nishati na tabianchi zinapopunguzwa, gharama haifutiki, inahama. Hutoka katika vitabu vya Hazina ikaenda kukaa mgongoni mwa mwanamke, katika mapafu ya watoto wanaokaa karibu na jiko, na juu ya vilima vilivyovuliwa miti. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekata fungu hausikii uzito wake, kwa sababu si yeye atakayeubeba.

Tuanze na ahadi, kwa kuwa ahadi ni deni. Mwaka 2021 Tanzania iliwasilisha katika Umoja wa Mataifa mchango wake wa kitaifa chini ya Mkataba wa Paris. Humo tuliahidi kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo mwaka 2030, kwa kulinganisha na hali ambayo ingekuwapo tusingechukua hatua yoyote. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban dola za Marekani bilioni 19, na kwa sehemu kubwa tulitaraji zitoke nje. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi mwishoni mwa kipindi hicho. Siku chache baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi walioongoza mkutano wa Paris kuhusu jambo hilo hilo barani Afrika. Siwezi kuzibeza hatua hizo. Katika nchi ambayo kaya zaidi ya nane katika kila kumi zimekuwa zikipikia kuni na mkaa, na inayopoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka, kiongozi wa nchi kulizungumzia jiko la mama katika mkutano wa kimataifa ni jambo la heshima.

Lakini sera haipimwi kwa uzuri wa hati yake. Hupimwa kwa fungu lililotengwa, na zaidi kwa fedha iliyotoka katika fungu hilo. Hapo ndipo mkasi unapopita, na hupita mara tatu.

Mara ya kwanza mkasi huwa mikononi mwa wengine. Machi 2016 bodi ya Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, ilisitisha ushirikiano na Tanzania katika awamu ya pili ya msaada wake, uliokuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 472, kiasi kilichozidi shilingi trilioni moja kwa thamani ya wakati ule. Sababu zilizotajwa ni uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na matumizi ya Sheria ya Makosa ya Mtandao. Fedha hizo zilikuwa za umeme. Mtu anaweza kukubaliana na sababu hizo au kuzikataa. Lililo wazi ni kwamba kitongoji kilichokuwa kikisubiri nguzo hakikusimamia uchaguzi wowote wala hakikutunga sheria yoyote, nacho ndicho kilichoadhibiwa.

Miaka tisa baadaye mkasi ulirudi. Mpango wa Power Africa, ambao Barack Obama aliutangaza mwaka 2013 na kuja kuupigia debe katika mitambo ya Ubungo, Dar es Salaam, ulikufa mwaka 2025 pamoja na shirika la USAID lililouongoza. Marekani ilijitoa tena katika Mkataba wa Paris, ikafuta na ahadi zake za fedha kwa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Uingereza nayo ilitangaza kuupunguza msaada wake kwa nchi za nje kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027, ili kuongeza matumizi ya ulinzi. Hayo yote yalitokea miezi michache tu baada ya mkutano wa Baku, Novemba 2024, ambako mataifa tajiri yaliahidi kuongoza upatikanaji wa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Nguo ya kuazima haisitiri, na sisi tulikuwa tumeivaa tukitoka nayo hadharani.

Mara ya pili mkasi huwa mikononi mwetu wenyewe. Bajeti ya Wizara ya Nishati ilikuwa takriban shilingi trilioni 3.05 katika mwaka wa fedha 2023/24. Mwaka uliofuata ilishuka hadi takriban trilioni 1.88. Katika muda huo huo bajeti nzima ya Serikali ilipanda kutoka trilioni 44.39 hadi trilioni 49.35. Kwa hesabu nyepesi, sehemu ya nishati katika kila shilingi mia ya Serikali ilishuka kutoka karibu shilingi saba hadi chini ya shilingi nne.

Haki inanidai nieleze sababu. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ikienda kwenye Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mradi wa megawati 2,115 uliotiwa saini kwa takriban shilingi trilioni 6.5 na kujengwa kwa fedha zetu. Ujenzi ulipokaribia ukingoni, mahitaji yake yakapungua, na ni kawaida fungu lipungue. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya hapo. Swali langu ni lingine: kile kiasi cha zaidi ya trilioni moja kilichotoka kwenye nishati kilikuwa kikubwa kuliko kile tulichonyimwa na MCC. Mwaka 2016 tulilalamika nchi nzima. Mwaka 2024 nani alisimama akauliza fedha zilizokuwa za bwawa zitaelekezwa wapi sasa? Mitambo ilikuwa imekwisha kulipiwa. Nyaya za kuufikisha umeme huo hadi jikoni zilikuwa bado. Ushahidi wa pengo hilo tuliusikia Machi 2025, pale Rais alipoeleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Nchi yenye umeme wa ziada ikapanga kununua wa nchi nyingine, kwa sababu umeme mwingi hupotea njiani kutoka kusini mashariki hadi kaskazini.

Sisi wa Kagera tunaielewa hadithi hiyo vizuri, maana kwa miaka mingi Bukoba imewashiwa taa na Uganda, nazo Ngara na Biharamulo ziliwahi kuungurumiwa na majenereta ya dizeli.

Mara ya tatu mkasi hauonekani kabisa. Ni pale Bunge linapopitisha fedha, wabunge wakagonga meza, halafu fedha zisitoke Hazina, au zitoke mwezi wa mwisho wa mwaka zikiwa nusu. Mkato wa namna hii hauna mjadala, hauna kura, wala hauna mtu wa kuulizwa. Mkandarasi huondoka eneo la kazi, nguzo hubaki zimelala kando ya barabara, na mwananchi huambiwa mradi "unaendelea".

Kuna ndugu wa mkato huo, nao ni agizo lisilo na fungu. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziache kuni na mkaa. Ni agizo jema. Lakini nimefika katika shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja, nikaona watoto wakiingia asubuhi na daftari mkono mmoja na ukuni mkono wa pili. Mwalimu aliniambia agizo analijua, ila hajui alitekeleze kwa fedha ipi. Ruzuku ya uendeshaji iliyokuja na elimu bila ada ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Katika kinachofika shuleni, jiko la gesi la kulisha watoto mia nne halimo. Kwa upande mwingine, mwaka 2024 Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulitia saini makubaliano ya takriban shilingi bilioni 35 na Jeshi la Magereza ili kuhamisha majiko ya magereza kwenye nishati safi. Huko agizo lilipata miguu kwa sababu lilikuwa na fedha. Sioni vibaya mfungwa kupikiwa bila moshi. Naona vibaya mtoto wa shule kubaki mchukuzi wa kuni.

Sasa turudi Ngara, maana wilaya hii ni darasa kamili la somo letu. Katika maporomoko ya Rusumo, Mto Kagera unapotutenganisha na Rwanda, kumejengwa mtambo wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, kila nchi ikipata karibu megawati 27. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa ajili yake mwaka 2013. Chini ya ardhi ya wilaya hiyo hiyo, Kabanga, kuna nikeli ambayo viwanda vya betri duniani vinaitolea macho. Kwa hiyo Ngara inatoa umeme safi, na inatarajiwa kutoa madini ya kusafisha magari ya wengine, huku yenyewe ikipika kwa kuni.

Tena mtambo wa Rusumo hauna bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Hutegemea maji yanayopita siku kwa siku. Maji hayo hutiririka kutoka vilima vya Burundi, Rwanda na vya kwetu. Kilima kikikatwa miti, mvua haizami ardhini. Huteremka kwa kishindo na udongo wote, na kiangazi kikifika mto hunywea. Fungu la kuotesha na kulinda miti kwenye vyanzo vya maji, ambalo kila bajeti ikibana huwa la kwanza kuguswa kwa kuwa miti haina mwakilishi bungeni, kwa kweli ni fungu la matengenezo ya mtambo wa umeme. Mhasibu huliandika chini ya mazingira. Mto hauijui tofauti hiyo.

Wazee wa Ngara hawahitaji kufundishwa hili na mhadhiri. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia Rwanda, na Benaco ikageuka mji mkubwa wa mahema kwa usiku mmoja. Watu wale walikuwa na haki ya kuishi, na kuishi ni kupika. Miti ya maeneo ya jirani ilikwenda jikoni. Desemba 1996 wakarejea kwao. Misafara ya misaada ikaondoka nayo, na vilima vikabaki na wenyeji wake. Fedha ya mgeni huja na dharura, na dharura ikipita, huondoka. Mti humaliza miaka ishirini ukikua.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa Serikali haina fedha za kila kitu. Kuna deni la taifa la kulipa, kuna walimu wa kuajiri, na baada ya Marekani kuondoa mkono wake kuna dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI za kununua. Nitaambiwa pia kwamba Tanzania huchangia kiasi kidogo mno cha gesijoto duniani, kwa hiyo waliochafua ndio walipe. Hoja zote mbili zina ukweli, na ya pili tuendelee kuidai katika kila mkutano bila kuona haya. Lakini maharage ya Mugoma hayaivi kwa hoja ya haki ya kimataifa. Moshi ulio ndani ya nyumba ya shangazi yangu haukutoka Washington wala London. Unatoka figani, nao unaua kwa maelfu kila mwaka katika nchi hii, pawe na mkataba wa tabianchi au pasiwepo. Na kuhusu uhaba wa fedha, hospitali itakayomtibu kifua itailipia Serikali hiyo hiyo. Kinachoitwa kubana matumizi mara nyingi ni kukopa kutoka kwa maskini bila kumwandikia hati.

Tufanye nini? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri mfadhili.

La kwanza, tuitumie vizuri njia tuliyokwisha kuivumbua. Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, hulishwa na tozo tunazolipa sisi wenyewe katika umeme na katika kila lita ya mafuta. Ndiyo maana MCC ilipoondoka, kazi ya kupeleka umeme vijijini haikufa, na leo Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Vimebaki maelfu ya vitongoji. Sheria itamke wazi kwamba fedha hizo hutoka kila mwezi kama zilivyokusanywa, haziazimwi kwa shughuli nyingine, na sehemu yake inayojulikana huenda kwenye nishati ya kupikia.

La pili, turekebishe bei inayomwadhibu anayeacha kuni. Mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Bei hiyo ilipangwa kwa mtu wa taa, redio na simu. Jiko la presha la umeme huivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja, kwa hiyo hata maskini anaweza kulimudu. Lakini familia yenye watoto sita ikipika humo kila siku na kuwasha taa, inaweza kuuvuka ukingo huo na kuangukia bei ya juu mara tatu na nusu. Kuusogeza ukingo kwa kaya za vijijini zinazopikia umeme kutagharimu kitu, lakini tuna umeme wa Rufiji wa kuuza. Huku kwetu hesabu hiyo ni bora kuliko mtungi wa gesi wa ruzuku. Ruzuku hutolewa mara moja. Gesi huisha, na ya kujazia hupanda lori Dar es Salaam au Tanga, ikasafiri zaidi ya kilomita elfu moja, na kila kilomita ina bei yake.

La tatu, lisitolewe agizo lolote la nishati bila kutaja fungu litakaloligharimia.

La nne, kila robo mwaka kila halmashauri ibandike ukutani karatasi moja yenye safu tatu: kilichoidhinishwa, kilichopokelewa, kilichotumika. Mkasi wa tatu hupenda giza. Mwananchi wa Mugoma akijua kwamba kitongoji chake kilitengewa fedha na hazikufika, atamwuliza diwani, diwani atamwuliza mkurugenzi, na swali hilo mwishowe litafika Dodoma likiwa na jina na kiasi.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimwambia shangazi kwamba nitamletea jiko la umeme safari ijayo. Alinishukuru, kisha akaniuliza, "Na LUKU ya kulipikia, utakuwa unaniletea na hiyo kila mwezi?" Sikuwa na jibu. Tulicheka wote wawili, akachukua kamba na panga lake, akashika njia ya kilimani.